Marashi ya bwana harusi yalivyoharibu jeli ya shangazi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea jikoni kwa shangazi yangu hapa Msambweni, nami nilikuwapo, kwa hiyo sisimulii la kuambiwa.

Shangazi ni somo, yaani kungwi. Anawaandaa maharusi, na mafuta ya mwili anayatengeneza mwenyewe: nazi, asumini, karafuu kidogo. Tabu ni joto letu. Mafuta ya nazi hapa hayagandi ng'o.

Harusi iliyopita yalivuja ndani ya begi, leso (khanga) za bi harusi zikaingia madoa. Maneno yakaenea. Kisha mama mmoja wa Ukunda akampa kazi ya kumwandaa bintiye, ila alimwambia wazi kwamba akiona doa, atatafuta somo mwingine. Shangazi hana kazi nyingine. Roho iliniuma.

Mimi nimesoma kemia (ndiyo, bado natafuta ajira, msinianze). Nikamletea unga mweupe wa hydroxystearic acid, unaotokana na mafuta ya mbarika (nyonyo). Unatia kidogo kwenye mafuta ya moto, yakipoa yanakuwa jeli.

Siri yake ni hydrogen bond. Molekuli zenyewe ni ndogo, lakini kila moja ina OH (oksijeni na hidrojeni) inayoshika OH ya jirani, na jirani naye anashika mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu. Nyuzi zinasukana kama jamvi, mafuta yananaswa ndani.

Hakuna gundi pale. Ni kushikana tu, tena kwa udhaifu: ukipasha moto zinaachiana, zikipoa zinashikana tena.

Tukayapika, yakapoa, tukainamisha kopo, mafuta hayakutoka. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi nikakuta jeli imekuwa uji.

Kumbe nilipoondoka alitia marashi. Kwake ni desturi: upande wa bwana harusi huleta marashi yao, yanachanganywa na mafuta ili bi harusi anukie nyumba anayokwenda. Zamani yalikuwa ya mafuta. Siku hizi wanaleta ya kupuliza, yamejaa spiriti. Spiriti nayo ina OH, ikajipenyeza na kushikana na molekuli zetu, nyuzi zikaachana.

Nikasema basi tuyaache marashi. Akanitazama.

"Mwanangu, bila hayo si mafuta ya bi harusi. Ni heri yamwagike."

Nilikasirika, wakuu. Lakini kazi ni yake. Marashi yaliyobaki tukayamimina kwenye sahani pana dirishani, mbali na jiko maana spiriti huwaka. Spiriti ikaruka, yakabaki matone mazito yenye harufu. Tukapika mafuta mapya na ule unga, tukayatia matone hayo. Yakaganda, na kesho yake yalikuwa bado yameganda.

Siku ya harusi mama wa bi harusi alifungua kopo mbele ya wanawake, akapitisha kidole, akanusa, akamgeukia shangazi.

"Bi Mwanasha, na mdogo wake bi harusi utamwandaa wewe."

Shangazi aliinama kama anayefunga leso yake vizuri, akachelewa kuinuka.

Nilichojifunza: kabla ya kugandisha kitu, muulize mwenyewe atakitia nini baadaye.

Sasa wajuzi, karibuni. Ile harufu nyepesi inayoruka pamoja na spiriti tutaihifadhi vipi? Shangazi ameshaanza kuniuliza, na mdogo mtu tayari ana mchumba.