Mahali Mshumaa Unapozimika

Myriam alisomea uhandisi wa migodi kwa nguvu za mikono ya kaka yake, na jambo hilo halikuwa siri nyumbani wala mtaani. Babu yao alitoka kaskazini ya Katanga akaja Lubumbashi kufanya kazi ya reli. Baba yao alifanya kazi mgodini mpaka mgodi ukamwachisha, na huzuni ikamaliza kilichobaki. Kabwe, mzaliwa wa kwanza, alipoona karo ya watu wawili haitapatikana, hakumwuliza mtu. Aliacha shule, akachukua koleo, akaenda kuchimba malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, kwenye kilima kimoja kando ya barabara ya Kinsevere, kilima kisicho na kampuni wala uzio.

"Mama, mumoja asome bien," alimwambia mama yao, Mama Edith, "kuliko babili basome mubaya."

Basi Myriam akasoma. Alikuwa msichana wa maneno machache na kichwa kigumu, wa kurudia hesabu mpaka karatasi itoboke. Wenzake walimtania kwamba hata akila bukari, ugali wa kwao, huanza kwa kupima ujazo wa sahani. Yeye alicheka nao, kisha akarudi kwenye hesabu zake.

Mwaka wa mwisho wakapata mwalimu mpya, jina lake Vital, mtu mfupi asiyeweza kukaa kitini. Huyu hakutaka kazi za kunakili vitabuni. Alitaka kila mwanafunzi atafute watu wa kweli wenye shida ya kweli, awatengenezee kitu kwa mikono yake.

"Problème haiko mu syllabus," aliwaambia. "Iko ku quartier. Mwende, mubaulize bantu, mutengeneze kintu, na kintu itumike. Kama haitumike, hakuna points."

Wanafunzi walinung'unika kama kawaida yao. Mmoja alileta mashine ya kuangulia mayai ambayo mpaka leo haijaona yai. Lakini Myriam hakuhitaji kwenda kutafuta shida. Shida yake ilirudi nyumbani kila jioni, ikavua viatu mlangoni, ikaomba maji na kusema kichwa kinapasuka.

Kule kilimani wachimbaji walikuwa na desturi yao. Shimo jipya likifunguliwa, mtu wa kwanza kushuka hushika mshumaa uliowashwa. Pale mwali unapozimika kwa kukosa hewa, anafunga kitambaa chekundu kwenye kamba, na chini ya kitambaa hicho hashuki mtu, hata kama jiwe linamwita kwa jina. Wakitaka zaidi, wanaliacha shimo lile na kufungua jingine. Hata hapo juu ya kitambaa hewa ilikuwa nzito. Kabwe aliwahi kuvutwa kwa kamba akiwa hajitambui, akamwagiwa maji, akakaa kidogo, akashuka tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndivyo alivyomjibu dada yake alipomlilia aache.

Myriam alichotaka ni kimoja tu: kaka yake apumue. Akatengeneza feni inayoendeshwa kwa pedali. Fremu ilikuwa ya baiskeli mbovu, mapanga aliyakata kwenye pipa, mkanda ulikuwa wa lori, ulioletwa kutoka mpakani Kasumbalesa. Mpira mrefu wa plastiki alikwenda kuununua yeye na Katongo, rafiki wa Kabwe na mwenzake wa shimo moja. Mtu mmoja anakanyaga pedali juu, upepo unapita kwenye mpira, unamfikia anayechimba chini. Mara ya kwanza haikupuliza hata vumbi. Alibomoa, akaunda upya, vidole vikajaa vidonda.

Siku ya kuijaribu, mwalimu Vital alikuja mwenyewe na simu yake ya kupigia picha. Katongo akapanda kwenye pedali. Kabwe akashuka na mshumaa, akafika kwenye kitambaa, akakipita. Juu watu wakainama kwenye mdomo wa shimo. Kisha sauti yake ikapanda kutoka chini, tulivu kabisa.

"Myriam, buji iko inawaka. Iko inawaka bien."

Watu wakapiga makofi. Kamba ilipovutwa juu, Myriam akakifungua kile kitambaa chekundu.

"Hii haina tena kazi," alisema, akakifunga kwenye usukani wa ile feni, vile watu wanavyofunga utepe kwenye gari la maarusi. Kila mtu alicheka, na Kabwe alicheka kuliko wote. Picha ipo. Ndiyo picha ambayo Myriam aliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi yake.

Siku ya kuitetea mbele ya walimu, alijibu kila kitu. Mwisho, profesa mmoja mzee aliyekuwa kama anasinzia akainua kichwa na kumwuliza kwa upole: chini ya pale mshumaa ulipokuwa unazimika, udongo wake ukoje? Myriam alijibu kama walivyofundishwa kujibu, kwamba swali hilo lilikuwa nje ya mada, mada yake ilikuwa hewa. Jibu lilikuwa sahihi. Mzee akaitikia kwa kichwa, na Myriam akapewa daraja la juu.

Nje, Mama Edith alikuwa ametandika vitenge chini ili binti yake asikanyage vumbi. Kabwe, katika shati jeupe la kuazima, alimmwagia poda kichwani mpaka ikamwingia machoni, kama anavyofanyiwa kila aliyefaulu.

"Leo sikuite tena mudogo," alisema. "Niko nakuita Ingénieur."

Na akamwita hivyo kweli, kila siku, hata akimwomba chumvi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, na hilo ndilo linalouma zaidi. Kabwe alirudi jioni bila kichwa kuuma. Alianza tena kuimba akioga. Kilimani walishuka mahali ambapo hajawahi kufika mtu, wakakuta jiwe zuri, wakalifuata kwa pembeni, wakashuka tena. Hakuna aliyejua kwamba mwamba mgumu wa kilima kile uliishia karibu na pale kilipokuwa kitambaa, na kwamba chini yake ni udongo laini unaokunywa maji. Wangejuaje? Mshumaa ulikuwa umewazuia miaka yote wasifike huko. Walidhani unawazuia kwa sababu ya hewa, na kwa kweli ilikuwa ni hewa tu. Lakini kwa kuwazuia hapo ulikuwa unawakinga na lingine wasilolijua.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja, Kabwe akiwa chini, udongo ukaanguka.

Walimtoa siku iliyofuata. Matanga yakawekwa, turubai likafungwa uani, wanawake wakakaa kwenye mikeka. Watu walisema yale yanayosemwa, kwamba ajali haina kinga, kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Mwalimu Vital alikuja, akakaa pembeni na kofia mkononi, akamwambia Myriam asijilaumu, kwani feni haikuwa na kasoro. Myriam alimshukuru. Alijua haikuwa na kasoro. Ingekuwa na kasoro, Kabwe angerudi juu na kichwa kinachouma, angeomba maji, angelalamika mpaka usingizi umchukue. Usiku na mchana alilisikia lile swali la profesa mzee na jibu lake mwenyewe, lile jibu sahihi. Moyo wake ulikuwa umevunjika, na hakuwa na mtu wa kumchukia isipokuwa msichana aliyekuwa akicheka kwenye ile picha.

Siku matanga yalipokwisha, turubai likiwa bado halijakunjwa, Katongo aliingia uani na wenzake wawili wakisukuma mkokoteni. Juu yake ilikuwa ile feni, pamoja na mpira waliouchimbua. Alimwamkia Mama Edith, akasimama mbele ya Myriam bila kumtazama usoni.

"Ingénieur, mukanda ilikatika."

"Ilikatika namna gani?" Myriam aliuliza, maana mkanda wa lori haukatiki kwa pedali.

Katongo aliinua ncha ya mkanda uliokatika. "Juu hatukuacha. Udongo ilianguka, lakini mupira haikutoka, ilikuwa inaingia tu chini ya udongo. Tukasema, labda iko anapumua. Tukapiga pedale. Mumoja akichoka, mwingine anapanda. Mangaribi, bado tuko tunapiga. Mpaka mukanda yenyewe ikakatika. Njo pale tulikaa chini."

"Mupepo ilimufikia?"

"Hatujui, Ingénieur. Shiye hatujui."

Myriam alilia hapo, mbele yao, kilio ambacho hakuwa amekilia hata kaburini. Wao walisubiri. Alipotulia, Katongo akasema lililowaleta.

"Tulifungula shimo ingine. Bila mashini, bantu beko banaanguka mule ndani. Tunakuomba ututengenezee."

Alitaka kuwafukuza. Alitaka kuchukua nyundo na kuivunja feni vipande vipande. Lakini Mama Edith, aliyekuwa kwenye mkeka wake na kitambaa cha msiba kichwani, ndiye aliyesema kabla yake.

"Batengenezee, Myriam. Hata beye beko na bamama."

Akaitengeneza. Aliunga mkanda, akatia mafuta, akakaza kila skrubu. Kile kitambaa kilikuwa bado kwenye usukani, cheusi kwa jasho la mikono. Akakifungua. Kisha akaunyoosha mpira uani, akaufuata kwa miguu polepole, mpaka akafika mahali alipopajua, sawasawa na pale kitambaa kilipokuwa kwenye kamba. Kilima ni kile kile, na mwamba wake unaishia pale pale. Akaomba kisu kwa mama yake, akaukata mpira hapo, na kwenye ncha yake akakifunga kitambaa.

"Mushuke kwanza na buji, bila mashini, sawa zamani," aliwaambia. "Mupepo inaishia hapa. Na bantu baishie hapa."

"Tulisikia, Ingénieur," alisema Katongo, na siku ile alimaanisha.

Wakapakia, wakaaga, wakasukuma mkokoteni mpaka barabarani. Kipande kilichobaki cha mpira kililala uani, kirefu, na Mama Edith akakikunja na kukiweka chini ya kitanda cha Kabwe. Lakini mpira wa namna ile unauzwa kwa mita sokoni, uliokatwa huungwa tena, na Katongo analijua duka.