Siku Kava ya Injini Iliponivua Nguo kwa Wakwe

Nawasimulia mwenyewe kwa sababu mkisikia kutoka kwa watu wa Gatina mtaongezewa chumvi, lakini nawaonya mapema kwamba aibu hii bado inanichoma na hasira yangu haijapoa, na iliyo kubwa zaidi ni ile ya kujikasirikia mwenyewe.

Mimi ni fundi wa magari pale Laini Saba, Kibera, kando ya reli. Mjomba wangu Kimeu ana gari kuukuu ambalo cheni yake ya taiming, pale mbele ya injini, ilikuwa imelegea na kupiga kelele, nami nikajitolea kulitengeneza kwa sababu Jumamosi ile ndilo lingetupeleka Gatina, kule Kawangware, kwa kina Mwikali, msichana ninayetaka kumuoa, nikajitambulishe kwa wazazi wake. Baba yake akinikubali, tungeanza mipango ya ndoa. Akinikataa, Mwikali alikuwa ameshaniambia wazi kwamba hatatoroka kwao kwa ajili ya mwanamume yeyote, hata mimi.

Cheni niliibadilisha vizuri. Kilichobaki ni kurudisha kava, kile kifuniko kinachoziba cheni na kuzuia oili isimwagike. Sasa sikilizeni, hata kama hamjawahi kushika spana mtaelewa. Bolti za kava hazilingani, nyingine ndefu, nyingine fupi, na kila moja ina shimo lake. Kwa hivyo mafundi tunachora umbo la kava kwenye kartoni, na kila bolti tunayoitoa tunaichomeka mahali pake kwenye mchoro, basi huwezi kupotea. Nimewafundisha watu wengi jambo hilo (tena kwa upole, ndiyo maana linaniuma).

Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, kartoni haikuwepo, na Mutiso, ambaye tunagawana naye kibanda, alikuwa chini ya pikapu ya mteja wake, amelala chali juu ya kartoni yangu.

"Mutiso, bolti zangu ziko wapi?"

"Kwa mkebe, buda. Ziko zote, hakuna hata moja imepotea."

"Hiyo kartoni ilikuwa na mchoro."

"Si bado iko na mchoro? Nikimaliza nakurudishia."

Kuzipanga upya si kazi ngumu, jamani. Unaingiza kijiti kwenye shimo, unapima kina chake, unatafuta bolti inayolingana, unaenda kwa lingine. Inataka subira tu, na subira yangu yote ilikuwa imeishia kwa Mutiso, huku mjomba amesimama kichwani mwangu na suti yake akisema, "Mpwa wangu, tukichelewa yule mzee atadhani tumetoka Kibera kwa kutambaa." Nikajiambia, aa, macho yangu yanazijua hizi bolti. Nikazirudisha kwa kukisia, zote zikakaza, nikanawa, nikavaa suti, tukaondoka.

Bolti ndefu ikiingia kwenye shimo fupi inafika mwisho wa shimo kabla kichwa chake hakijaibana kava. Mkononi unasikia imekaza, kumbe kava iko huru na oili inajitafutia njia. Harufu ya oili inayoungua tuliisikia kabla ya kufika Gatina, mjomba akasema ni ya gari lililo mbele yetu, nami nikakubali (nikubali nini, na mimi ni fundi?).

Baba yake Mwikali, Mzee Nzioka, ni msimamizi wa ploti ya ghorofa, na ua wa ploti ulikuwa umepigwa saruji juzi tu, wapangaji bado wanatembea pembeni kwa heshima. Mzee mwenyewe akatuongoza tuegeshe katikati. Tukakaribishwa ndani, na mjomba alikuwa ameanza kunisifu, mikono yangu ya ufundi hivi, bidii yangu vile, jirani alipobisha hodi.

"Mzee, gari la wageni linakojoa."

Tukatoka wote. Oili ilikuwa imeuvuka ua mzima. Nikaingia chini ya gari na suti yangu, nusu kutazama, nusu kujificha, nikakutana uso kwa uso na mama yake Mwikali, aliyekuwa amepiga magoti upande wa pili akimwaga majivu ya kufyonza oili. Kwetu mama mkwe unamheshimu kwa mbali, hata macho humkazii, na sisi ndio kwanza tulikuwa tunasalimiana chini ya injini.

"Ni nani alitengeneza hili gari?" Mzee akauliza.

"Fundi mmoja tu hivi," mjomba akajibu haraka. "Wale wa barabarani."

Nami nikaendelea kuchungulia injini.

"Huyo si fundi, huyo ni mwizi aliyeokota spana. Kijana, wewe unaijua hii kazi, hebu waambie watu. Huyo ni fundi?"

Wapangaji wakacheka. Ningesema tu siye, yangeisha. Lakini hasira ilinipanda, na mimi nikikasirika naanza kufafanua.

"Kazi anaijua, mzee. Ni vile kartoni yake ilichukuliwa, bolti zikachanganyika, ndefu ikaingia kwa shimo fupi, na alikuwa amesimamiwa kichwani akiharakishwa."

"Na wewe hayo yote umeyajuaje?"

Mwikali, aliyekuwa kwenye ngazi, hakunipa nafasi ya kujibu.

"Baba, fundi ni huyo."

Chakula hatukukionja. Tulilisukuma gari hadi nje ya lango, na Mzee Nzioka alisukuma nasi, bega lake kando ya langu, akaniambia bila kunitazama, "Oili itatoka na sabuni. Jumamosi ijayo urudi. Huyu mjomba wako umwache nyumbani, uje na mdomo wako mwenyewe." Mwikali hakuja kuniaga.

Mutiso sijamsalimia hadi leo, na mjomba naye amenuna, anasema nilimuumbua mbele za watu alipokuwa akinisaidia. Wote wawili nawakasirikia kwa haki kabisa. Lakini nilipoulizwa gari limetengenezwa na nani, ulimi ulikuwa wangu na niliukalia. Sitaingia tena kwa watu na mtu wa kunisemea. Jumamosi nitakwenda Gatina kwa miguu, nibishe hodi, na kabla hata sijapewa kiti niseme kwamba ni mimi niliyeifunga ile kava, halafu nimuulize mzee kama bado ananitaka ndani.