Udongo wa Chini ya Mafiga

Tekla, mke wa Joachim fundi mwashi, hakuitwa Mama fulani. Kule vilimani nje ya mji wa Iringa, mwanamke aliyeolewa miaka mingi na bado anaitwa kwa jina lake la ubatizo, watu humtazama tumbo kwanza ndipo waitikie salamu. Waache watazame. Tekla alizaa. Alizaa mtoto wa kiume wakati wa baridi kali, mumewe akiwa Mbeya anajenga nyumba za watu, na mtoto hakumaliza wiki. Hakuwahi kubatizwa wala kupewa jina, kwa hiyo hakuwa na mahali kwenye makaburi ya Wakristo. Mama mkwe wake, Bibi Evarista, akafanya kama mama zake walivyofanya. Alimzika jikoni, ubavuni mwa mafiga, upande wa kushoto.

"Huku kwetu kuna baridi," alimwambia mkwewe. "Hapa moto hauzimiki. Atalala kwenye joto."

Mambo hayo ni ya wanawake. Mwanamume haambiwi mtoto mchanga amelazwa wapi, na mwanamume mwenye adabu haulizi. Joachim aliporudi aliambiwa kwamba wanawake wameshamaliza. Aliinamisha kichwa, akanywa uji aliopewa, kesho yake akashinda anapasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Hawakulizungumza tena, na Mungu hakuwapa mwingine.

Lenyewe lile jiko lilikuwa baya, tusidanganyane. Paa la nyasi lilikuwa jeusi kwa masizi, kuta zilipinda, mlango ulikuwa mfupi hata kuku aliingia kwa kuinama. Moshi haukuwa na pa kutokea ila machoni mwa mpishi. Macho ya Bibi Evarista yalikuwa mekundu mwaka mzima, na Tekla alikohoa tangu Pasaka hadi Krismasi. Lakini kila jioni, kabla hajainjika chungu, Tekla aliketi upande wa kushoto wa mafiga, akasogeza kuni moja upande ule, akatulia kidogo. Mumewe alimwona mara nyingi amekaa hivyo, amejikunyata kwenye moshi, machozi yakimtoka. Naye, maskini, alidhani ni moshi.

Basi mwaka wa hamsini na saba, mavuno yalipokwisha, Tekla alikwenda Mbalizi kumwuguza dada yake Damari aliyekuwa amejifungua. Alibeba mtoto wa mwenzake, akamwogesha, akambembeleza mpaka arobaini ikapita. Ndipo akapanda lori kurudi kwake.

Aliposhuka barabarani aliona bati linang'aa pale palipokuwa na paa la nyasi, na juu ya bati dohani ya matofali, imesimama wima kama zile za nyumba za Wazungu. Joachim alikuwa anamngoja njiani kwa shati safi, ila masikioni bado ana simenti.

"Pita ndani, mke wangu," alisema. "Usiseme neno mpaka uone yote."

Aliona yote. Jiko lilikuwa limejengwa kwa matofali, limeinuliwa hadi kiunoni. Joachim alimsimamisha mkewe mbele ya jiko, na kimo kilimkaa sawasawa, kwa maana alikuwa amempima kwa kumbukumbu akiwa peke yake. Kulikuwa na dirisha upande wa jua la asubuhi. Kulikuwa na rafu za vyombo ukutani. Joachim akawasha moto, na moshi ukapanda dohani wote, usibaki hata wa kumfanya mtu apige chafya. Kila kitu kilikuwa kizuri. Tekla akateremsha macho, akaiona sakafu. Ilikuwa ya simenti, imelainishwa kwa mwiko kutoka ukuta hadi ukuta.

"Ulichimba?" aliuliza.

"Nilichimba mpaka udongo mgumu. Fundi hamwagi simenti juu ya majivu, itapasuka."

"Na mafiga?"

"Mawe mazuri yale. Nimeyatia kwenye msingi."

"Na udongo, Joachim? Udongo umeupeleka wapi?"

Joachim akacheka kwa furaha, kwa sababu hata hilo alikuwa amelifikiria. "Udongo wa masizi utautupa? Nimeutandaza kwenye shamba la nyuma. Ngoja uone mahindi mwaka huu."

Tekla alishika ukingo wa jiko jipya. Alisema asante. Alisema pia kwamba jiko ni zuri sana. Kisha akatoka nyuma ya nyumba, ambako Bibi Evarista alikuwa anapukuchua mahindi, na yule mama hakuinua uso.

"Nilikaa pale," alisema Bibi Evarista kabla hajaulizwa. "Niliweka kigoda changu pale pale, nikamwambia, hapa usichimbe, mimi naota moto. Akacheka. Akaninyanyua mimi na kigoda changu akaniweka juani, kama mtu anayehamisha kuku aliyeatamia. Nikarudi. Akaninyanyua tena."

"Kwa nini hukumwambia, mama?"

"Mama atamwambiaje mwanawe habari za uzazi wa mkewe? Ningeanzia wapi, Tekla? Mwiko huo sikuuweka mimi." Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo. "Wewe ndiye mke. Ukitaka kusema, useme wewe."

Lakini aseme vipi? Amwambie mtu aliyejenga kwa mapenzi kwamba jembe lake mwenyewe limemfukua mwanawe? Watu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wake wa jirani walifungua, wakaingia, wakashika rafu, wakachungulia dohani, wakaenda kuwasumbua waume zao. Hakuna aliyeona kitu.

Na haki yake apewe fundi: kikohozi cha Tekla kiliisha. Macho ya Bibi Evarista yalianza kupungua wekundu. Mgongo ulipumzika, na sakafu ilioshwa kwa ndoo moja ikakauka. Kasoro zilikuwapo pia. Mbegu za mahindi walizokuwa wakizitundika juu ya moshi ziliingiwa na fukusi, kwa kuwa moshi sasa ulikuwa unakwenda kuwapasha joto kunguru. Wageni hawakukaa tena kuota moto, maana nani ataota moto akiwa amesimama? Na moto wenyewe ulikuwa juu, kiunoni. Chini kulikuwa na baridi ya simenti, mchana na usiku.

Jioni Tekla aliendelea kuketi palepale, upande wa kushoto, juu ya sakafu tupu. Joachim akamkuta. Fundi akimwona mtu hatumii kitu alichokijenga, hana raha.

"Kimo hakifai?" aliuliza.

"Kinafaa."

"Sasa mbona unakaa chini?"

"Sakafu ni baridi," alisema Tekla.

Kesho yake Joachim alileta ngozi ya ng'ombe, akamtandikia ili miguu yake isipate baridi. Tekla aliipokea kwa mikono miwili. Usimcheke Joachim. Aliziba kila ufa alioujua.

Mvua zikaja, wakapanda, wakapalilia. Mahindi ya shamba la nyuma yaliota kwa hasira, meusi kwa ubichi, yakayapita ya jirani wote. Tekla alipalilia kwingine. Kule nyuma hakukanyaga. Mwezi wa tatu, Joachim aliingia jikoni na mahindi mawili mabichi makubwa, akayachoma mwenyewe kwenye lile jiko, akayapuliza, akampa mkewe lile lililoiva vizuri zaidi.

"Kula, mke wangu. Hili ni la udongo wako wa masizi. Nilikuambia."

Tekla alilishika. Lilikuwa na joto. Akalirudisha juu ya jiko.

"Mtoto wetu alikuwa amelala hapa, Joachim," alisema. "Ubavuni mwa mafiga. Mama alimlaza hapa ili asipate baridi."

Joachim alibaki na hindi lake mkononi, ameshaling'ata mara moja. Aliitazama sakafu. Akautazama mlango unaotoka kwenda shambani. Halafu akalitazama hindi, akatema alichokuwa nacho kinywani kwenye kiganja, akakifumba kile kiganja asijue akiweke wapi.

"Mimi ndiye niliyechimba," alisema.

"Hukujua."

"Mama alikaa pale. Nikamnyanyua."

Alikaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe, akalia, mwanamume mzima, na Tekla akalia naye kilio walichokuwa wamekiacha tangu mwaka ule. Alipoweza kusimama, Joachim alichukua nyundo na tindo. Tekla akamwambia asiivunje sakafu, ameitolea jasho. Hakusikia. Alivunja upande wa kushoto, tundu la ukubwa wa ungo, akatoa kwa mikono mawe aliyoyapanga mwenyewe. Kisha akabeba karai kwenda shamba la nyuma, Tekla akimfuata, akapiga magoti kati ya mahindi.

"Nichukue wapi?" aliuliza.

Tekla hakujua. Udongo ulikuwa umelimwa, umenyeshewa, umekuwa shamba. Basi walichukua ukufi mmoja chini ya kila shina, mstari baada ya mstari, na Bibi Evarista akaja bila kuitwa, akainama naye akachota. Jua lilikuwa limezama walipolijaza lile tundu na kulishindilia kwa viganja. Bibi Evarista akachota makaa kwenye kigae, akayamwaga juu ya udongo, akaweka kuni. Wakaketi wote watatu, Joachim upande wa kushoto.

"Alifanana na nani?" aliuliza.

"Wewe," alisema Tekla. "Masikio."

Kuni zilikuwa mbichi, na moto wa chini hauijui dohani. Moshi ulijaa jikoni hadi kwenye bati, ukaanza kuzipaka masizi kuta zake mpya. Dirisha lilikuwa karibu na mkono wa Joachim. Hakulifungua.