Kiti cha Nyuma cha Gari Jeusi

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo hata nikisahau jina langu lenyewe haitanitoka: siku mama yangu alipomsemesha mume wangu ana kwa ana, mchana kweupe, mbele za watu. Wewe wa leo utauliza kuna ajabu gani hapo. Tulia. Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya gari jeusi lililoko Bujumbura, la zamani lakini la kitajiri, viti vya ngozi, ukaniambia linauzwa bei ya kutupa. Ukasema litakutoa hapa Kilibula, Uvira, asubuhi na kukufikisha shuleni kwako Luvungi bila pikipiki wala vumbi. Sikukujibu, kwa sababu nilikuwa namkumbuka babu yako. Leo nakujibu, ila mimi ni mzee, na jibu la mzee hupita kwanza mashambani.

Babu yako Kashindi alikuwa karani wa bandari hapa Uvira, na mimi nilikuwa mke kijana nalima mpunga Bwegera. Aliondoka kwa baiskeli mwanzo wa juma, akarudi mwisho wake. Tulikuwa tumeoana juzijuzi tu, na siku za katikati zilikuwa ndefu mno. Uhuru ulipoingia, wazungu wengi wakaanza kufunga mizigo. Mkubwa wake wa kazi alikuwa na gari refu jeusi, ambalo alikuwa akilipangusa kwa kitambaa laini hata siku isiyo na vumbi. Meli haikuwa na nafasi ya gari, na wanunuzi hawakuwapo. Akamwachia Kashindi kwa bei ambayo hata mimi nilidhani ni masihara.

Nakuambia ukweli, lilikuwa zuri! Lilipoingia Bwegera mara ya kwanza, wanawake waliacha vinu. Kashindi akashuka, kravati shingoni, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa siku zile hawakulifanya.

"Riziki," akasema, "kuanzia leo nitalala ku nyumba kila siku."

Mwanangu, hakulinunua kwa majivuno. Ndivyo watu walivyosema, lakini mimi ndiye niliyekuwa naye. Alilinunua ili alale kwake. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kulichukia gari lile.

Mama yangu, ambaye alikuwa mjane na tuliishi naye uani, alilitazama kwa mbali. Hakusema neno kwa Kashindi, wala usishangae. Kwetu zamani mama mkwe na mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, hawakukaa kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye nyasi mpaka mwenzake apite. Si chuki hiyo, ni heshima iliyopita kiasi. Neno lolote kati yao lilipitia kwangu, hata kama walikuwa hatua chache tu baina yao, kila mmoja amegeukia kwake.

"Riziki," mama akasema, macho yake yako kwenye mpunga aliokuwa akiupepeta, "uliza mume wako: hii gari ilizoea barabara ya wapi?"

Kashindi akacheka. "Ambia mama, hii gari iko nguvu. Itapita fasi yote."

Mama akaendelea kupepeta mpunga. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema. Lakini hawakutuambia tufanye nini na kizuri ambacho mwenyewe anakimbia na kukiacha kwa sababu hakiwezi kumfuata.

Miezi ya kiangazi tuliishi kama wafalme. Alilala nyumbani, kweli, kila siku. Kisha mvua ikaja. Unalijua tope jeusi la bonde letu, lile linalovua mtu viatu na kuvimeza. Gari lile lilikuwa na tumbo chini kama bata. Lilikuwa limezoea lami ya mjini na shofa wa glavu nyeupe, nasi tukalipeleka kwenye mashamba ya mpunga. Esansi, yaani petroli, lilikunywa bila haya. Pyesi zake, yaani vipuri, zilitoka ng'ambo, na waliojua kuziagiza walikuwa wameshaondoka. Fundi alilifunga kwa waya hapa, kwa mpira wa kandambili pale. Ukipenda boga, penda na ua lake. Kashindi akapenda boga, ua, na mabua yote, na mshahara ukaishia humo.

Tena hakujua kusema hapana. Mwenye gari pekee kijijini, unafikiri anapanda peke yake? Alibeba magunia ya mpunga mpaka springi zikakatika. Alibeba maharusi, alibeba marehemu. Jirani yetu Byamungu, mkulima wa mpunga kama mimi, mkewe alipozidiwa na uchungu wa kuzaa, Kashindi ndiye aliyemkimbiza hospitali, na viti vile vya ngozi vikachafuka vibaya. Hakunung'unika. Alivisafisha kwa maji ya mto, huku akipiga mluzi. Mama peke yake ndiye hakupanda hata mara moja. Angepandaje, akae ndani ya sanduku moja na mkwe wake, pumzi kwa pumzi?

Sasa sikia mambo ya dunia. Gari lililonunuliwa ili mume wangu alale nyumbani likaanza kumlaza Uvira. Leo linangoja pyesi, kesho linangoja fundi, na kuliacha peke yake aliogopa. Enzi za baiskeli alikosekana siku zinazojulikana. Enzi za gari sikujua tena lini nimpikie. Nililionea wivu kama mke mwenza, nakuambia bila kuficha.

Ndipo maasi yakaja, na mimi tayari nina mimba pevu. Habari zilitoka kusini: Uvira imeshikwa, na vijana wenye silaha wanapanda na barabara. Tulisikia kwamba wanawatafuta makarani na wakubwa wa serikali, na kwamba mwenye kravati, mwenye miwani, mwenye gari, haulizwi mengi. Sisemi kila mmoja wao alikuwa mbaya. Wengi walikuwa watoto wa watu, wenye njaa na hasira, na hasira yao ilikuwa na sababu zake. Lakini tuliogopa.

Asubuhi moja, kwa bahati Kashindi amelala nyumbani, uchungu ukanishika. Mwuguzi wa Bwegera alikuwa amekimbia, na tukasikia materinite ya Luvungi bado ina mkunga. Kashindi akanilaza kwenye kiti cha nyuma, akawasha gari. Mama alikataa kupanda. Akafunga kitenge kiunoni akafuata kwa miguu, pamoja na majirani waliokuwa wakikimbia na magodoro vichwani. Kwa barabara ile hakuachwa mbali.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kabla hatujafika hata katikati ya njia, tumbo la gari likakaa topeni na magurudumu yakazunguka bure. Kashindi akashuka. Akasukuma, akang'oa nyasi akazitandika, akachimba kwa mikono. Shati jeupe likawa jeusi. Mimi ndani nauma kitenge ili nisipige kelele. Majirani wakasukuma naye, lakini lile dude halikujali.

Mtu mmoja akaja mbio kutoka kusini. "Banakuya! Bako nyuma pale!"

Watu wakaanza kutawanyika mashambani. Byamungu akamshika Kashindi bega. "Ndugu, acha gari."

"Siwezi. Bibi yangu iko ndani."

"Tutamutosha humo, tutamubeba."

"Siwezi kuacha gari!" Akalia, mwanangu. Mwanaume mzima amepiga magoti topeni, amekumbatia gurudumu. Hakuwa analilia chuma. Alikuwa amelimwagia miaka yake yote ya ujana, na aliyekwishamwaga kiasi hicho huona afadhali afe palepale kuliko kukubali kwamba kimemwagika.

Ndipo mama akatoka kwenye nyasi. Nilimwona kupitia dirishani. Akaja moja kwa moja mpaka mbele ya Kashindi, karibu hata angeweza kumgusa, akamtazama usoni.

"Weye, Kashindi. Minye nasema na weye."

Kashindi akaganda. Hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama.

"Hii gari imekusaidia, sasa imechoka. Bakikukuta mu gari ya bakubwa, batasema na weye ni mukubwa, na mutoto wangu atazaa mujane. Uko mukwe wangu. Sitaki kukulilia. Simama."

Akasimama. Sijui ni aibu, sijui ni upendo. Labda kwetu vyote viwili hukaa nyumba moja. Akavua kravati na shati akavizika topeni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia: waliponitoa, akaingia garini akaking'oa kiti cha nyuma kizima. Byamungu akakata mianzi. Wakakifunga kwa kamba za magodoro, wakafanya tipoyi, ile machela ya kubeba mabegani waliyobebwa nayo wakubwa wa zamani, na mimi mke wa karani nikawekwa juu yake. Wabebaji hawakutafutwa. Byamungu alikuwa wa kwanza, na wengine wote walikuwa watu ambao babu yako aliwahi kuwapandisha. Wema hauozi. Kashindi mwenyewe akaingiza bega chini ya mwanzi wa mbele.

Waasi walitukuta karibu na mfereji wa mpunga. Walikuwa vijana tu, majani yamefungwa vichwani. Mmoja akatusimamisha.

"Huyu mama iko na nini?"

"Anazaa," mama akasema.

"Na huyu mwanaume?" Alikuwa anamnyooshea Kashindi, ambaye hana shati, hana viatu, ana tope mpaka nyusi. Mikono yake laini ya kalamu haikuonekana. Tope lilelile lililotukwamisha lilikuwa limeificha.

Mama angeweza kudanganya. Akasema, "Iko mukwe wangu."

Yule kijana akamtazama mama, akamtazama Kashindi kifua wazi kando yake, bega kwa bega. Akashtuka kama mtu aliyefungua mlango asiopaswa kuufungua. "Mama, unasimama karibu na mukwe wako hivi?"

"Mutoto wangu," mama akajibu, "ona fasi vita imetufikisha."

Kijana akainamisha macho. Na yeye alikuwa na mama mahali fulani. Akasogea kando, akasema, "Pitisheni mama."

Baba yako alizaliwa Luvungi jua likiwa bado juu. Mama alimpokea mikononi mwa mkunga, na Kashindi aliketi nje ukutani akijibandua tope mikononi. Vita vilipotulia, alimpelekea mama kuku mweupe kufuta mwiko uliovunjika. Mama akampokea kuku kupitia kwangu, akiangalia kando, mambo yakarudi kama zamani. Ila tangu siku ile, kila alipopita uani, Kashindi aliinamisha kichwa zaidi kidogo.

Gari tulilikuta mifupa mitupu. Milango yake ilikuwa imegeuka milango ya mabanda ya mbuzi, na kuku walitaga mahali pa usukani. Kashindi akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye. Akanunua baiskeli.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikukatazi. Lakini usiulize tu gari linauzwaje. Uliza lilizoea barabara ya wapi, kisha uitazame barabara yako. Jua kwamba anayeliuza rahisi anakuachia njaa ya gari lenyewe uilishe wewe. Ukilinunua, usilifungie milango. Mpandishe mwenye mzigo, mpandishe mgonjwa, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa namna hiyo hanunuliwi dukani. Na usinunue kamwe kitu ambacho siku mbaya ikifika utashindwa kukiacha barabarani. Ukimwona mtu wako amekumbatia gurudumu, vunja heshima umwambie asimame.

Unahangaika nini hapo? Najua, springi inakuchoma. Tangu utoto umelala juu ya kiti hicho unakiita kitanda cha bibi, umekitoboa ngozi kwa kalamu zako, na hujawahi kuuliza kilitoka wapi. Ndicho hicho. Ndicho kilichobaki cha gari la babu yako, na juu yake ndipo baba yako alipozaliwa.

Mungu akujalie barabara kavu. Akikunyima hiyo, akujalie kiti cha kung'oa, na siku utakapokwama, maana utakwama tu, walio nyuma yako wawe ni watu uliowahi kuwabeba.