Sungura Aliyepita Kiberiti

“Nirudishie!”

“Sirudishi.”

“Huyo ni wangu! Jina nilimpa mimi, nywele nilikuwa namchana mimi!”

“Na bwana yako ndiye alimrudisha mbele ya soko yote. Alisema nimemuuzia punda. Muulize, si huyo hapo amesimama?”

“Mimi msiniingize,” anasema mwanaume aliye kando ya ua, katoni mkononi.

“Uko ndani tayari!” wanawake wote wawili wanamjibu kwa mpigo.

Ni Jumamosi mchana, Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Anayekataa ni Phanice Moraa, mfugaji wa sungura vibete. Anayedai ni Kinsi, mke wa muuza magodoro na mapazia mjini Kisii. Mwenye katoni ni mume wake, Ahmednoor. Na anayegombaniwa yuko ndani ya keji anatafuna nyasi, kesi haimhusu. Ni sungura jike wa rangi ya asali, masikio yamesimama juu, jina lake Halwa.

Phanice ameziba mlango wa keji kwa mgongo wake. Si roho mbaya. Miezi mitatu tu iliyopita alikuwa ameshika mafuta taa, tayari kuchoma hizi keji zote arudi kuuza ndizi. Aliyemtoa kwenye hilo shimo ni Halwa. Sasa wanataka kumbeba?

“Mama Anisa, wewe unataka wa kukumbatia,” anamwambia Kinsi. “Mimi huyu akitoka hapa, nimefunga kazi.”

Ili uelewe hiyo kelele, kwanza lazima ujue kiberiti.

Phanice hana rula. Kwenye mfuko wa aproni yake kuna boksi tupu la kiberiti, pembe zimelainika kwa kushikwa. Sungura akifika umri wa kuuzwa, anamweka magotini, anasimamisha boksi kando ya sikio. Sikio likiwa sawa na boksi ama fupi, huyo ni wa maonyesho. Likipita, huyo ni wa nyumbani. Halafu anaangalia kichwa kama ni cha mviringo, mwili kama ni mfupi na mnene, kucha kama zote ni rangi moja.

“Ukucha mmoja mweupe kwa mguu mweusi, jaji anakurudisha nyumbani na hata chai hajakupa,” anasema.

Wa maonyesho anauzwa mara tatu ya bei ya mwenzake. Wa nyumbani anaenda kwa watoto wa watu, anapewa karoti na jina, na mara nyingi ndiye mpole zaidi. Lakini nani ashawahi kuringa mtaani na sungura mpole?

Kazi yenyewe ilianzia Nyansiongo. Phanice alikuwa mfanyakazi wa nyumba kwa familia moja huko, na watoto wa hiyo nyumba walikuwa na sungura wawili wadogo wa kuchezea. Familia ikahamishwa kikazi. Lori likajaa mpaka juu, sungura wakabaki chini.

“Mama yao akaniambia, Phanice, chukua hao ama uwachinje. Nikawaangalia. Kuchinja nini sasa? Hata mchuzi hawatoi.”

Akawaleta Sironga kwa kikapu. Bwana yake, Obwocha, fundi wa mbao, alicheka mpaka akakaa chini. “Umefulia watu nguo miaka yote hiyo, wakakulipa na panya?” Lakini Obwocha ni mtu wa kucheka huku mikono inafanya kazi. Jioni ya pili alikuwa amepigilia keji ya kwanza kwa mabaki ya mbao za mteja.

Phanice akaanza kukaa soko la Daraja Mbili, Kisii, na vitu viwili, ndizi mbele, kikapu cha sungura kando. Watu wakawa wanasimama.

“Hii inaliwa na ugali ya ngapi?”

“Hailiwi. Inaangaliwa.”

“Inaangaliwa? Mimi shida za kuangalia ziko nyumbani, na ni za bure.”

Walicheka, wakaenda zao. Ila watu wa ofisini na wenye maduka hawakuenda. Waliuliza bei, wakanunua, wakaambia wenzao. Halafu mteja mmoja akapeleka wake kwa maonyesho ya kilimo, akarudi na utepe mwekundu wa ushindi. Akampigia Phanice simu akipiga kelele kwa furaha.

“Hapo ndipo nilianza kuharibu,” Phanice anasema.

Aliona njia. Kama mmoja mwenye masikio mafupi ameleta utepe, basi afuge wenye masikio mafupi peke yao. Akachukua dume fupi kuliko wote, akampa majike mafupi kuliko wote. Kila jike aliyepita kiberiti aliingia kwenye kikapu cha soko, hata kama amezaa vizuri namna gani. “Ukitaka mahindi mazuri unachagua mbegu nzuri, si ndiyo? Nikasema na sungura ni hivyo.”

Wakaanza kufa.

Si wakubwa. Ni watoto, tena wa siku moja ama mbili. Kila uzazi, katikati ya watoto wazuri, kulikuwa na mmoja au wawili wa ajabu, wadogo nusu ya wenzao, kichwa kimevimba, miguu ya nyuma imenyauka. Saizi ya njugu. Na kweli wafugaji wanawaita njugu, ila Phanice hakujua kama hicho kitu kina jina. Yeye alijua tu kwamba siku ya tatu akifungua sanduku la kuzalia, njugu watakuwa wamepoa.

Alifikiri ni baridi, akaongeza matambaa. Akafikiri ni maziwa, akabadilisha chakula cha mama. Akafikiri ni uchafu, akaosha keji na dawa mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Obwocha akasema labda ni rangi ya mbao, akatengeneza masanduku mapya bila rangi. Njugu wakazaliwa, njugu wakafa. Phanice alikuwa anawafunga kwa jani la mgomba na kuwazika chini ya migomba, mapema kabla majirani hawajaamka, kwa sababu alichoka kuulizwa.

“Nilikuwa nafungua sanduku nikiwa nimefumba macho,” anasema. “Naanza kushika na vidole kwanza. Ukishika chenye joto unashukuru. Ukishika baridi, unafungua macho.”

Aliyemwambia kwamba ugonjwa umeingia kwenye mbao ni mtu wa hapo karibu, na Phanice akaamini. Ndiyo maana mafuta taa yalinunuliwa.

Siku hiyo hiyo, Daraja Mbili, akatokea Ahmednoor na mdomo wake.

Alikuwa amenunua sungura kwa bei ya maonyesho. Alitaka kumwingiza mashindanoni, ashinde, atundike utepe dukani juu ya magodoro. Lakini siku ile ya kununua alikuwa na haraka, na Phanice akampimia sungura ambaye bado mdogo. Sikio likatosha kwenye kiberiti. Sungura akaenda Kisii, akala, akalala, na masikio yakaendelea na safari yao.

“Wewe mama!” Ahmednoor alimwambia mbele ya wanunuzi. “Hii ni sungura ama ni punda? Wallahi ikisimama kwa mlango, wateja wanauliza kama imekuja kuchukua mzigo!”

Soko likaangua kicheko. Phanice angetafuta shimo aingie. Lakini kosa la kupima lilikuwa lake, akalimeza. Akampa Ahmednoor dume jeusi, fupi masikio kuliko wote aliobaki nao wa kuuza, akamchukua yule wa rangi ya asali. Kile Ahmednoor hakusema ni kwamba mke wake Kinsi alikuwa Eldoret kwa arusi ya dadake, na hakuwa na habari.

Phanice alifika nyumbani amechoka na watu na sungura. Akamtupa Halwa kwenye keji ya mwisho, kando ya dume lake fupi la kuzalisha, akasema kesho yote yachomwe. Mvua ikanyesha. Mafuta taa yakakaa kwenye kibuyu. Na ubao uliotenganisha zile keji mbili ulikuwa umelegea, Obwocha alikuwa ameahidi kuupigilia “kesho” tangu Krismasi. Asubuhi Phanice alikuta jike na dume wamelala bega kwa bega, hawana haya.

“Nikasema acha tu. Mwezi mmoja si mwisho wa dunia. Azae, wafe, nichome mara moja.”

Halwa akazaa sita.

Siku ya kwanza Phanice hakuamini. Siku ya pili hakumwambia mtu. Siku ya tatu alifumba macho kama kawaida, akatia mkono, akashika joto. Akasogeza vidole, joto. Akashika wote sita, wote moto, wote wanagaagaa, na hakuna hata mmoja saizi ya njugu.

“Obwocha alinikuta nimekaa chini nalia. Akatupa msumeno. Akauliza, wamekufa wote? Nikamwambia, hawajakufa! Nyasae, Mungu wangu, hawajakufa hata mmoja!”

Ndipo alipompigia Jasper Ogeto, afisa wa mifugo ambaye huwa jaji wa wanyama wadogo kwenye maonyesho. Jasper hakuzunguka.

“Hawa wafupi wa kweli wamebeba ufupi mara moja,” alimwambia. “Ukiweka mfupi na mfupi, kuna mtoto atapewa mara mbili, kwa baba na kwa mama, na huyo haishi. Hakuna dawa. Si baridi wala uchafu.”

“Kwa hivyo ni mimi nilikuwa nawaua?”

“Hapana, mama. Ulikuwa unawaoza vibaya. Tafuta jike yako kubwa, ile mbaya ya masikio marefu, umpe dume mfupi. Nusu watatoka wafupi wa maonyesho, nusu warefu. Na njugu hutaona tena.”

Phanice anasema usiku huo alilala mpaka jogoo akamkuta kitandani. Keji hazikuwa na ugonjwa. Mikono yake haikuwa na kasoro. Kazi inaendelea. Yale mafuta taa Obwocha aliyatia kwenye jiko la kupikia.

Na huyo jike kubwa, mbaya, wa masikio marefu, alikuwa mmoja tu kwenye boma lote. Wengine wote alikuwa ameshauza.

Kwa hivyo leo, Kinsi anaposimama hapa na kidole gumba kimefungwa plasta, Phanice hawezi kusonga.

“Hiyo kitu nyeusi uliyonipea nimeivumilia miezi mitatu, inauma,” Kinsi anasema. “Ukiishika inaruka. Ukiiacha inakanyaga chini kama inatuita vita. Mimi sitaki utepe. Mimi jioni nikitoka dukani nataka kukaa na Halwa kwa mapaja, nisikie joto, niongee mambo yangu. Huyu mzee alimpeleka soko nikiwa arusini. Arusini!”

“Nilitaka kukufurahisha,” Ahmednoor anasema kwa sauti ya chini.

“Nimefurahi. Angalia kidole.”

Phanice anamwangalia Halwa. Watoto wake sita wameshaachishwa kunyonya. Watatu wamebaki kwenye keji, wafupi, wa kiberiti. “Mama Anisa, nakuelewa,” anasema. “Lakini nikikupa huyu, naanza kuzika tena. Siwezi.”

Kinsi anafuta uso na pembe ya shungi lake, anaangalia pembeni ili asionekane. Hapo ndipo macho yake yanapoanguka kwenye kikapu kilicho kando ya mlango, kimefunikwa na gunia. Kinatikisika.

“Na hawa ni wa nani?”

“Wa soko. Nawapeleka Daraja Mbili. Wamepita kiberiti.”

Kinsi anachuchumaa, anainua gunia. Sungura watatu wa rangi ya asali wanamwangalia, masikio juu. “Si hawa ni Halwa watatu? Hawa ni wanawake?”

“Ni majike, ndiyo, wote watazaa…”

Phanice anakwama hapo. Anatoa boksi la kiberiti mfukoni, analiangalia, analirudisha. Halafu anaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka Obwocha anachungulia kutoka karakana yake.

“Ni nini?”

“Nilikuwa nawauza!” Phanice anapangusa macho. “Jasper ameniambia na mdomo wake, mimi nimeitikia ndiyo ndiyo, halafu asubuhi nimechukua kiberiti nikawatia kwa kikapu! Majike watatu wa masikio marefu kama mama yao! Mkono umezoea, Obwocha. Mkono una kichwa yake!”

“Hata mimi huo mkono umenizoea,” Obwocha anasema, na anarudi kwa mbao zake.

Phanice anatoka mlangoni. Anafungua keji, anamnyanyua Halwa kwa mikono miwili, anamweka kifuani pa Kinsi. Halwa anajikunja hapo, anatia pua kwapani.

“Mbuya mono, vizuri sana,” Kinsi anasema. Ni Kigusii cha dukani, lakini kimefika.

Wale watatu wa kikapu wanahamia keji mpya ambazo Obwocha amemaliza wiki hii, kila mmoja na yake. Phanice ameandika mlangoni kwa chaki, MAMA. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, atasimama mwenyewe kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kisii na mmoja wa wale wafupi, badala ya kungoja simu ya mteja. Na akija mtu Daraja Mbili kutafuta wa nyumbani, atamwambia wazi kwamba huyo ni wa nyumbani, masikio yataendelea, na jioni utamshukuru.

“Nikipata utepe sawa. Nisipopata, hakuna kitu nitazika,” anasema. “Mimi hiyo inanitosha.”

Ahmednoor bado amesimama kando ya ua. Ndani ya katoni, lile dume jeusi linapiga mguu chini, du, du, du.

“Sasa huyu ni wa nani?” anauliza.

“Ni wako,” Phanice anamwambia. “Si ulitaka wa shoo? Huyo ndiye wa shoo.”

“Kinsi! Na huyu namshika vipi?”

Kinsi anamfunika Halwa na shungi, anageuka, anashika njia ya kuteremka barabarani katikati ya majani chai, masikio mawili marefu yakichungulia juu ya bega lake.