Chakula cha Shangazi

Utotoni mwangu kule kijijini Keza, chungu cha jioni kilikuwa hakikombwi. Bibi, aliyenilea, alibakiza ndizi na maharage kidogo kwa ajili ya binti yake Yustina, shangazi yangu, aliyefariki akiwa mdogo. Aliamini wafu hurudi nyumbani na njaa.

“Akija akute kitu,” alikuwa akisema, kama anamsubiri mtu aliyekwenda gulioni.

Sikuwa na shida na hilo, mpaka siku mimi na watoto wenzangu tulipoingia kibanda cha video kule Nyakisasa. Katuni, ya watoto eti! Mzimu wa kitoto wenye macho makubwa ulinusa viporo, ukaingia ndani ya nyumba. Nilitoka mbio kabla haijaisha, kandambili moja nikaiacha humo humo.

Tangu hapo kile chungu kilininyima raha. Nikaona dawa ni moja: viporo visiwepo. Kila jioni bibi alipokwenda kufunga mbuzi, nilivila haraka haraka, nikafunika chungu.

Asubuhi ya kwanza bibi alifunua. “Jamani, amekula!” Alicheka peke yake, akaimba njia nzima mpaka shambani. Ningemwambiaje, na furaha ile?

Kisha nikaenda kusoma bweni, Biharamulo. Niliporudi likizo nilimkuta jikoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.” Akafunika chungu. “Shangazi yako siku hizi haji. Sijui nimemkosea nini.”

Wakati huo mizimu nilikuwa naicheka. Nikamwambia apumzike, mambo hayo ni ya zamani. Alifariki kabla ya likizo iliyofuata.

Mwezi uliopita binti yangu aliipata katuni ileile kwenye simu. Nilikaa pembeni yake, tayari kumfumba macho. Wala hakushtuka.

“Mama, huyu hatishi. Ana njaa tu.”

Tukafika mwisho ambao sikuwahi kuuona: mama wa yule mzimu wa kitoto anakuta sahani tupu, anaikumbatia. Nililia mpaka binti yangu akazima simu. Kilichonikimbiza nikiwa mdogo hakikunigusa hata kidogo. Kilichoniumiza ni yule mama na sahani yake, na nilijua ni nani niliyekuwa namwona.

Namkumbuka bibi siku ile ya likizo. Chungu kilikuwa pale pale jikoni, kimefunikwa, fungu la shangazi likiwa ndani, na mimi nilikuwa na njaa ya safari. Ningeweza kula.