Kiatu cha Shemeki na Rangi ya Mlango

Rangi ya mafuta ina harufu yenye kiburi. Ikiingia uwanjani, pua haisikii tena kitu kingine: si samaki, si moshi, si hata choo cha jirani. Juzi mjukuu wangu, anayebeba watu kwa pikipiki hapa Mikelenge, alianguka nayo kwenye matope ya njia ya soko. Mwenyewe hakuumia, ila tangi lilichubuka, naye akaja kukaa karibu na jiko langu kulipaka rangi. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Harufu iliponifikia niliacha mtwangio juu, nikacheka. Akaniuliza, "Tate, unacheka nani?" Sikumjibu. Nawajibu ninyi.

Zamani hizo, Wabelgiji wangali wakitawala, tulikaa Kindu katika site, mtaa wa watu weusi, nyumba ya udongo yenye mlango wa mbao. Naanza na mlango kwa sababu una kazi mbele. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na siku moja walimwachia mabaki ya rangi iliyopakwa mabehewa, kopo lisilofika hata nusu. Akapaka mlango wetu. Ilikuwa kijani kizito, kijani cha sombe iliyokwisha kuiva jikoni. Site nzima hapakuwa na mlango mwingine wa rangi ile, na watu walielekezana njia kwa huo. "Ukiona mulango ya sombe, pita kuume."

Dada yangu Mwamini alikuwa ameposwa. Mchumba wake aliitwa Ramazani, kalani wa stesheni, kijana mwembamba mwenye suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kumenya ndizi. Wazee wake walikuwa wameleta mbuzi wa kwanza. Wengine wangefuata, pamoja na wajomba zake wa Alunguli, ng'ambo ya mto.

Na Ramazani alikuwa na sikuta, ile pikipiki ya magurudumu madogo. Leo pikipiki zinapita kama nzi na hakuna anayegeuza shingo. Wakati ule, mtu mweusi juu ya sikuta, hata mbuzi waliacha kutafuna. Polisi walimsimamisha mara kwa mara kumwuliza ameiiba wapi, naye alishuka, akavua kofia, akaonyesha karatasi, akapanda tena. Rangi ya sikuta ilikuwa ya jani la ndizi lililofunguka asubuhi hiyo. Nyuma ilikuwa na mashavu mawili ya bati, moja kila upande, mviringo, yamejaa. Sisi watoto tuliyaita makalio ya sikuta. Msione haya, habari hii yote ni habari ya makalio.

Sasa lazima mjue mukwe ni nini kwetu. Mama anayeoza binti na kijana anayemwoa hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kijana akitokea njiani, mama anaingia majanini mpaka apite. Wakiwa na neno la kuambiana, linapita kwa mtoto. Na kiti alichokikalia kijana, mama mukwe hakikalii, maana ni kama amemkalia mapajani. Akikosea hapo, wazee wanaitana, mbuzi anachinjwa, mama na kijana wanaoshwa kwa majani, na kosa linatajwa mbele ya watu wote. Mara nyingine mbuzi wa mahari wanarudi walikotoka. Mbuzi si kitu, wanazaa wengine. Kutajwa ndiko kunakoua. Mama yangu alikuwa mtu wa Pangi, mzito wa mwili na mzito wa maneno, na hakuwahi kutajwa mbele ya watu.

Kwangu mimi sheria iligeuka juu chini. Mdogo wa mwali ni bibi mdogo, yaani mke wa utani, wa shemeki yake. Niliruhusiwa kumtukana Ramazani, kumpekua mifuko, kumdai nyama iliyoko kinywani mwake, na kazi yake ilikuwa kucheka. Sheria ileile iliyomfunga mama mdomo ilinifungulia mimi wangu.

Jumapili moja akaja. Baba alikuwa Kibombo kutengeneza mabehewa, Mwamini ameenda kusukwa nywele. Ramazani alisimama mbali, akaniambia nimwambie mama kwamba anavuka mto kuongea na wajomba juu ya mbuzi waliobaki, na anaomba sikuta ibaki uwanjani. Mama, nyuma ya ukuta wa jiko, aliniambia nimwambie ibaki. Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini nilikwenda na kurudi.

Alipopotelea kwenye njia ya bandarini, mama akatoka. Aliizunguka ile sikuta kama mnunuzi anayemzunguka mbuzi. Akabonyeza kiti chake kwa ngumi.

"Hii njo itabeba mutoto yangu?"

Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo itakayombeba Mwamini.

"Kitanda ya binti, mama anaijaribu mbele. Nyumba, mama anaiingia mbele. Hii kitu ya kukimbia, nani ataijaribu?"

Akakunja kitenge, akapanda.

Sijasahau uso wake. Kwa muda mfupi hakuwa mama wa mtu. Alishika masikio ya sikuta kwa mikono miwili, akanyoosha shingo, akafanya kwa midomo yake *brrr*, kama Ramazani akipanda kilima cha stesheni. Halafu kile chuma kinachoisimamisha kikateleza, na mama na sikuta wakalala pamoja upande wa kuume, yeye kwenye vumbi kama gunia la mpunga, sikuta juu ya jiwe letu la kusagia.

Hakuumia. Lakini lile shavu la kuume la sikuta lilikuwa na mchubuko mrefu kama kiganja, na bati lilionekana jeupe ndani yake kama mfupa.

Mama hakuinuka. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Tazama kama muntu ameona."

Nikatazama. Kwenye uzio alisimama Mama Salima, jirani yetu, kikapu kichwani.

"Mama Mwamini," akasema polepole, "ulikuwa unaenda wapi na gari ya mukwe?"

"Funga mudomo. Lete mukono."

Hapo ndipo nilipoona mama anaogopa, maana hakujibu mzaha kwa mzaha. Bati lenyewe halikumtisha. Kuchubuka ni kuchubuka. Ila kijana angeuliza nani ameiangusha, na jibu la swali hilo lingepita kwenye kile kiti.

Nilitumwa kichakani nyuma ya mashamba kuchuma msasa. Ninyi mnajua msasa wa dukani, wa karatasi. Huo umeiba jina. Msasa ni jani, gumu na lenye kukwaruza kama ulimi wa paka, na kwao mama, Pangi, baba yake alilainisha nalo viti na vijiko vya mti mpaka viking'aa kama ngozi iliyotoka kuoga. Mama alikaa chini, akasugua kingo za mchubuko, kwanza kwa nguvu, halafu kwa jani lililolegea, akipitisha kidole kila mara kusikia kama pangali na ngazi. "Rangi ikikutana na ngazi itaonyesha ngazi," alisema. Mama Salima akafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli ya taa. Mimi nikatambaa chini ya kitanda na kutoa kopo la baba. Rangi ilikuwa imeota ngozi juu kama uji uliolala. Mama akaitoboa kwa kijiti.

Mama Salima akachungulia ndani ya kopo, akatazama sikuta, akatazama kopo tena.

"Hii ni sombe. Ile ni jani ya ndizi."

"Yote njo majani," mama akasema.

Hatukuwa na burashi. Alichukua unyoya mnene wa jogoo, akapaka nao, nyembamba, akishusha pumzi kwa pua tu. Lazima niseme alipaka vizuri. Hapakuwa na tone lililoteremka. Lakini kijinyoya kimoja cheupe kilibaki kimelala ndani ya rangi, na alipojaribu kukitoa kwa ukucha kilijilaza vizuri zaidi, akakiacha. Waliisogeza sikuta, shavu lile likatazama jua na kuupa mgongo ukumbi wa nyumba.

Rangi ya mafuta haikauki kwa kuombwa. Jua lingali juu, na Ramazani huyo, anapanda kutoka bandarini na suruali yake nyeupe.

Mama alinishika bega. "Wewe njo bibi yake. Mukamate." Akaingia jikoni na Mama Salima, wakateremsha mkeka wa mlangoni.

Nilimkamata. Nilimwambia mume asiyekula kwa bibi yake ana mwanamke mwingine Alunguli. Akacheka, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka barzani. Nikamletea wali na samaki. Alipokuwa ananawa, nikachukua kiatu chake kimoja, cheusi, kinachong'aa, nikakitumbukiza kwenye kikapu cha mahindi. Nilifanya haraka, kisigino kikabaki nje.

"Kiatu yako imekimbia," nikasema. "Itafute wewe mwenyewe."

Alikuwa anataka kunijibu mzaha, halafu pua yake ikainuka. Akanusa. Akatazama mlango wetu. Akatazama mkono wangu ulioshika sahani.

"Bibi yangu, vidole yako iko na rangi."

"Baba anapaka mulango."

"Baba yako iko Kibombo. Mimi mwenyewe nilimuona anapanda treni."

Nikasema, "Aliipaka mbele ya kwenda."

"Ehe," akasema.

Akatazama upande wa jiko. Chini ya mkeka miguu ya wanawake wawili ilionekana, minne, haitikisiki, kama miguu ya meza. Kwenye mmoja wa ile ya mama palikuwa na tone la kijani. Ramazani alishusha macho haraka, kama kijana aliyelelewa anavyotakiwa kuyashusha. Halafu akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtoto aliye mbele yake:

"Hii kiatu imepotea kabisa. Nitaitafuta mupaka jioni."

Na akakitafuta. Aliinua mkeka. Alichungulia ndani ya mtungi wa maji, akaita, akasikiliza kama kiatu kitajibu. Aliingiza kichwa kwenye banda la kuku, akatoka na majani kwenye nywele zake za kalani. Alifika kwenye kikapu cha mahindi, mkono wake ukapita juu ya kisigino, akaenda kutafuta juu ya paa. Akarudi kwenye mtungi. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika. Nilijisemea moyoni: kumbe hawa waliosoma, kiatu kikiwa mbele ya pua yao hawakioni. Nilijiona mjanja kuliko stesheni nzima.

Jua liliposhuka nyuma ya nyumba za site, alirudi kwenye kikapu, akasema, "A, kumbe iko hapa," kama mtu anayesalimia rafiki. Akavaa. Alipofika kwenye sikuta aliinama, akakunja mguu wa suruali mpaka gotini. Mguu wa kuume tu. Akapanda kwa uangalifu, akaenda zake.

Siku zilizofuata mama hakula vizuri. Kila aliyebisha hodi alikuwa mjumbe wa wazee, mpaka ajulikane kwamba amekuja kuomba chumvi. Mama Salima alitunza siri, lakini bei yake ilikuwa kupita kwenye uzio kila asubuhi na kufanya *brrr* kwa midomo. Mwamini hakuambiwa. Alikuwa anaimba tu, anasuka mikeka ya nyumba yake.

Kisha wajomba wa Alunguli wakavuka na mbuzi wote waliobaki, na Ramazani mbele yao juu ya sikuta, akienda polepole kwa heshima ya wazee. Sikuta ilikuwa na makalio mawili ya kijani cha sombe. La kuume lilikuwa na kijinyoya chake. La kushoto lilikuwa jipya, limepakwa kwa burashi ya kweli, rangi ya mabehewa, rangi ya mlango wetu. Mtu asiyejua angesema ndivyo ilivyonunuliwa.

Vijana wa njiani walimtania: "Kalani, mulango ya mukwe yako inatembea!"

"Njo vizuri," akawajibu. "Nikipotea, mutajua kwa kunirudisha."

Mama alikuwa anatazama kwenye upenyo wa mkeka wa jiko. Alifuta mikono, akakamata kuku, na alipomaliza kupika aliniwekea firigisi peke yake kwenye sahani, nimpelekee Ramazani. Firigisi nyumbani kwetu ni ya baba. Baba alitafuta ndani ya mchuzi kwa kijiko, akaniambia nimwulize mama iko wapi. Mama aliniambia nimwambie kuku huyu alizaliwa bila firigisi. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kuona kopo lake tupu chini ya kitanda, alimtazama mkwe wake anavyotafuna, akatazama sikuta, akala bawa.

Mwamini aliolewa. Ile sikuta ilimbeba na haikumwangusha.

Miaka mingi nilijisifu kwamba nilimshika kalani mzima kwa kiatu kimoja. Watoto wangu waliisikia hivyo. Ilibidi kwanza mimi mwenyewe nioze binti, niingie majanini nikisikia hatua za kijana wa watu, nijue jinsi mwanamke mzima anavyokuwa mdogo mbele ya mtoto asiyefika hata nusu ya umri wake. Hapo ndipo nilipokiona kile kisigino kilichotoka kwenye kikapu, na mkono wake unapita juu yake. Aliyekamatwa siku ile nilikuwa mimi. Yeye alikuwa anangojea rangi ya mama yangu ikauke.

Baada ya kumzika mama, tulipokuwa tumekaa matangani, shemeki yangu naye amekuwa mzee wa fimbo, nilimsogelea. Nilifikiri sasa hakuna wa kumwonea haya. Nikamwuliza kwa sikio: "Shemeki, siku ile, kiatu uliiona tangu mwanzo?"

Alinitazama, halafu akatazama upande wa chumba alimolala mama kabla ya kutolewa.

"Kiatu gani, bibi yangu?" akasema. Akainama, taratibu, akaanza kutazama chini ya kiti chake.